Maktaba ya McMillan: ilikuwa zawadi kwa nani?

Swali

Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninakaa Umoja. Mwalimu wetu alituambia kwamba Bwana McMillan aliwajengea watu wa Nairobi ile maktaba yenye simba wawili wa mawe, kando ya Msikiti wa Jamia, na akaitaja kama mfano wa ukarimu. Nilipomsimulia babu yangu, aliyekuwa karani mjini miaka ya hamsini, alicheka sana. Alisema alikuwa akipita mbele ya ngazi zile asubuhi na jioni na hakuwahi kupanda hata moja, kwa sababu palikuwa pa Wazungu. Nani mkweli kati yao? Na kama palikuwa pa Wazungu, paligeukaje kuwa petu?

Jibu

Binti yangu, babu yako ni mkweli. Nimelitanguliza hilo ili usingoje hadi mwisho wa maneno ya mkutubi mstaafu ndipo umpigie simu. Mwalimu wako naye hakusema uongo. Alilitazama jengo kutoka barabarani, akaona nguzo na jina lililo juu yake, akaridhika. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, fungua uingie ndani. Sasa fikiria nyumba ambayo wengi wa waliokuwa wakipita mbele yake hawakuruhusiwa kuufungua huo mlango.

Kwanza tumwondoe McMillan kwenye kazi ya ujenzi, maana hakujenga. Sir William Northrup McMillan alifariki Machi 1925 akiwa Ufaransa, na maktaba ikafunguliwa mwaka 1931. Aliyeijenga ni mjane wake, Lucie, ambaye watu wa wakati huo walimwita Lady McMillan. Jina kamili la mahali pale lina neno la ukumbusho ndani yake, na ndivyo lilivyokusudiwa: mke alimwekea mumewe kumbukumbu. Wengine hujenga kaburi la marumaru, wengine huchimba kisima cha sadaka, yeye akajenga nyumba ya vitabu. Kaburi lenyewe liko mbali na mjini, kwenye mteremko wa Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo. Husimuliwa kuwa walitaka kumzika kileleni kabisa, gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, wakamzika pale liliposimama. Kwa jinsi mwili wa marehemu ulivyosifika kwa ukubwa, sioni sababu ya kuwabishia wasimulizi.

Alikuwa nani, basi? Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani. Baba yake alitajirika kwa kiwanda cha mabehewa ya reli. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka, kwa sababu Nairobi nayo ni mtoto wa reli: njia ya chuma ilifika hapa mwaka 1899, kabla yake palikuwa na maji baridi, kinamasi na malisho ya Wamaasai. Kwa hiyo fedha za mabehewa ya Marekani ziliishia kujenga maktaba katika mji ambao bila mabehewa usingekuwepo.

Kijana huyo wa tajiri hakuja huku kutafuta riziki. Mwaka 1903 alijaribu kusafiri kwa mashua kwenye Mto Nile wa Buluu, maporomoko yakamharibia safari, kisha baada ya muda tunamkuta Afrika Mashariki ana shamba kubwa la Juja na baadaye ardhi ya Ol Donyo Sabuk. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani miezi michache tu kabla, alikaa Juja kama mgeni wake akiwinda wanyama. Katika Vita Kuu ya Kwanza McMillan alipigana upande wa Waingereza, na baadaye akapewa cheo cha Sir. Nyumba yake ya mjini ilikuwa Chiromo. Ukisikia mwenzako wa Chuo Kikuu cha Nairobi akisema ana kipindi Chiromo, ujue anakwenda kusomea ilipokuwa nyumba ya bwana huyu.

Ardhi yake aliipataje? Hapa ukarimu unaanza kuwa na sura nyingine. Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka 1902 iliigeuza ardhi ambayo Wamaasai, Wakamba na Wakikuyu walikuwa wakiilisha na kuilima kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme naye, kupitia gavana wake, akawakodishia walowezi kwa miaka 99. Mwaka 1915 muda huo ukarefushwa hadi miaka 999, hesabu ambayo mpaka leo sijui aliyeiandika alikuwa na uso gani. McMillan alikuwa na fedha zake kabla ya kuja, hilo lazima lisemwe. Lakini nafasi yake hapa, shamba, mlima, heshima, na hata kiti katika Baraza la Kutunga Sheria, alipewa na mfumo uliomtoa mwingine. Simlaumu mjane kwa kumpenda mumewe. Ninakuonyesha tu shina la mti ambao tunda lake ni jengo lile.

Tuje sasa kwenye neno lililomponza mwalimu wako: umma. Maktaba ile iliitwa ya umma tangu siku ya kwanza, na walioiita hivyo hawakuona kwamba wanadanganya. Katika Nairobi ya 1931 umma lilikuwa neno lenye rangi. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake na jina la bwana aliyemwajiri. Mitaa ya kuishi ilikuwa imegawanywa: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi kwao, Waafrika mashariki kwenye Pumwani na mitaa ya reli. Mgawo huo haukuishia kwenye nyumba. Hospitali, shule, vyoo, mabehewa ya treni, vyote vilikuwa vya aina tatu, na maktaba ikafuata mkondo. Iliwekwa kwa ajili ya Wazungu.

Watu wa Pwani wana neno linalonisaidia kulieleza jambo hili kuliko maneno yote ya mawakili: wakfu. Mtu akiweka nyumba au shamba wakfu, haitoshi kwamba ametoa. Lazima ijulikane ametoa kwa ajili ya nani, nani msimamizi, na masharti ni yapi, na masharti ya mwenye kuweka wakfu huheshimiwa karibu kama sheria. Shamba lililowekwa wakfu kwa mayatima wa ukoo fulani haliwi la mji mzima kwa sababu tu ni wakfu. Zawadi ya Lady McMillan ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa na hati, ilikuwa na wadhamini, na ilikuwa na watu wake. Anayesema "alitujengea" anapaswa kuulizwa: hiyo "tu" ni kina nani? Babu yako hakuwemo, na mimi nisingekuwemo.

Na haikuachwa kuwa desturi tu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahsusi ya maktaba hiyo, na sheria hiyo ipo mpaka leo katika vitabu vya sheria za Kenya, sura ya 217. Ni majengo machache sana nchini yaliyo na sheria yake yenyewe yenye jina lake. Wanasheria wa ardhi ninaowafahamu huiheshimu, kwa kuwa kiwanja kama kile, katikati ya jiji, kando ya msikiti mkuu na hatua chache kutoka soko la City, kingekuwa kimeota ghorofa ishirini zamani za kale. Mjane alifunga mlango, lakini ile karatasi iliyolinda mlango wake imekuja kutulindia sisi jengo. Mgala muue na haki yake umpe.

Usidhani kwamba nyakati zile hakukuwa na njia nyingine ya kufanya wema wa vitabu. Miaka 28 kabla ya simba wa Nairobi kuwekwa, yaani mwaka 1903, Mombasa ilikuwa tayari na maktaba iliyobeba jina la Seif bin Salim, wa ukoo uliotoa maliwali wa Pwani. Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote nchini, McMillan inaifuata. Jina lake lilikuwa na nyongeza: chumba huru cha kusomea. Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, na naweza kukuambia kuwa maneno machache kama hayo mlangoni yana uzito kuliko nguzo za mawe. Wasafiri wa Nairobi wakitaja historia ya maktaba huanza na McMillan kana kwamba kabla ya treni kusimama hapa hakuna aliyesoma. Pwani watu walikuwa wakinakili vitabu kwa mkono karne nyingi kabla ya behewa la kwanza.

Hata Nairobi yenyewe, Wahindi walikuwa na ukumbusho wao. Manilal Ambalal Desai, mwanasiasa na mwandishi wa habari aliyekuwa rafiki wa Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alifariki mwaka 1926, mwaka mmoja tu baada ya McMillan. Watu wake wakamkumbuka kwa ukumbi na maktaba yenye jina la Desai. Ukumbi huo ukaja kuwa mahali pa mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Tazama mji ulivyokuwa: kila jamii inamlilia maiti wake kwa kujenga chumba cha vitabu, kila chumba na watu wake. Waafrika, ambao maiti wao walikuwa wengi kuliko wa wote wawili, hawakuwa na kiwanja cha kujengea.

Uliniuliza kuhusu ukarimu, basi nikupeleke kidogo alikotoka McMillan. Mji wake wa kuzaliwa, St. Louis, mwaka 1901 ulipewa dola milioni moja na Andrew Carnegie ili ujenge maktaba. Carnegie ndiye baba wa wafadhili wote wa maktaba. Alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwana wa mfumaji maskini, akatajirika kwa chuma cha pua Marekani, akagharimia maktaba 2,509 duniani. Maktaba ya kwanza aliijenga kwao Dunfermline, ikafunguliwa 1883. Watu humtaja kwa idadi hiyo kubwa, lakini kwangu mimi akili yake ilikuwa katika sharti alilolitoa. Alikuwa akiuambia mji: mimi nitajenga, ninyi mtoe kiwanja, na kila mwaka mtenge kutoka kodi zenu fedha isiyopungua asilimia 10 ya zawadi yangu kwa ajili ya kuiendesha. Mji ukikataa kutenga, hakuna jengo.

Wengine walimwona bahili. Na wafanyakazi wa viwanda vyake walikuwa na maneno makali zaidi, kwa sababu mwaka 1892 huko Homestead mgomo wao ulivunjwa kwa bunduki, na mtu aliyekatwa mshahara haoni raha kupewa kitabu. Hayo yote ni haki yao. Ila kuhusu sharti la asilimia 10, nimekuja kumwelewa uzeeni. Maktaba si jengo. Jengo hufunguliwa siku moja kwa mkasi na hotuba. Maktaba ni mshahara wa mkutubi wa mwezi huu na wa mwezi ujao, ni gundi, ni balbu, ni vitabu vipya kuchukua nafasi ya vilivyochoka, ni mtu wa kupanda juu ya paa kabla ya masika. Niliwahi kufanya kazi mahali fulani, sitapataja, ambapo tuliletewa shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo kwa sherehe kubwa, wageni wakala keki, na wiki mbili baadaye mvua ikanyesha. Ndoo tulikuwa nazo tatu. Vitabu vilivyolowa tulivianika kwenye nyasi kama mahindi, na kati yake kulikuwa na nakala kadhaa za mwongozo wa kutengeneza mashine za kufagilia theluji.

Shirika ambalo Carnegie aliliacha New York lilifika mpaka huku. Mwaka 1928 liliwatuma wakutubi wawili, Milton Ferguson wa California na Septimus Pitt wa Glasgow, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi Kenya wakikagua hali ya maktaba. Kwa hiyo wakati Lady McMillan anajenga, habari za maktaba zilikuwa hewani, na watu wa fani walikuwa wanajua vizuri kuwa kuna namna ya kuendesha maktaba ya kila mtu.

Ukiingia ndani leo, utaona kwa nini nilisema ni ukumbusho kabla ya kuwa maktaba. Kuna samani za kizamani, picha, na meno ya tembo. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki aliyekuwa mlowezi hapa, alipofilisika kwa kahawa na kuondoka nchini mwaka huohuo wa 1931, Lady McMillan alinunua baadhi ya samani zake. Ni kama sebule ya mtu aliyekwenda safari. Kwa upande wa vitabu, hazina kubwa ni magazeti ya zamani, kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita, na kumbukumbu za bunge. Hapo ndipo mtafiti hukaa mpaka apigiwe kengele ya kufunga. Ukisoma magazeti ya walowezi ya miaka ya ishirini na thelathini, soma matangazo madogo kuliko habari kuu. Habari kuu ni maneno ya gavana. Kwenye matangazo ndiko utamkuta mpishi anayetafutwa, mshahara wake, na maneno aliyoitwa.

Na ukipita kwenye rafu, angalia namba. Maktaba nyingi hapa hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani mwaka 1876. Historia ya Kenya utaikuta 967.62. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, namba ndefu kama ya simu, kwa sababu lugha zote za Afrika zilibanwa kwenye pembe moja mwishoni mwa fasihi ya dunia. Dini ni 200 na kuendelea: Biblia na Ukristo vimechukua 220 mpaka 280 na ushei, na Uislamu wote, tangu Mtume hadi leo, ukapewa 297. Nilikuwa nikiliona hilo jambo la kuchekesha kila adhana ya Jamia ilipoingia kupitia madirisha. Jirani ana minara na kuba, ndani ya rafu zetu ana namba moja.

Nirudi kwa babu yako. Kama alikuwa karani miaka ya hamsini, alikuwa msomaji, na msomaji hatulii. Alisoma wapi? Muulize. Mimi nitakisia. Kulikuwa na gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza 1939, ambalo nakala moja ilisomwa na watu kumi na kusikilizwa na wengine ishirini. Kulikuwa na kumbi za mitaa, Pumwani na Kaloleni, ambako watu walikutana kucheza ngoma, kusikia siasa na kusoma chochote kilichokuwepo. Na kuanzia 1948 kulikuwa na Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa baada ya Elspeth Huxley kuandika ripoti mwaka 1945 kuhusu Waafrika na vitabu. Halmashauri hiyo ilichapisha, lakini pia iliazimisha, ikipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta. Fikiria jambo hilo: mtu anafanya kazi mita mia mbili kutoka kwenye maktaba ya mawe, na kitabu anakipata kwa posta.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, paligeukaje kuwa petu. Hapakugeuka kwa zawadi. Kadiri uhuru ulivyokaribia, maktaba ya umma isiyoingiwa na umma ikawa aibu na mzigo. Mwaka 1962 ilikabidhiwa Baraza la Jiji la Nairobi, na mwaka huohuo Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Naupenda mwaka huo. Uhuru wenyewe ulikuwa bado haujafika, ungekuja Desemba 1963, lakini mtoto wa Eastlands alikuwa tayari anaweza kupita kati ya simba wale akaandikiwa kadi. Utaona, basi, kwamba kilichobadilika si moyo wa marehemu aliyetoa. Sheria ilibaki, jina likabaki, samani zikabaki, mwenye ufunguo ndiye aliyebadilika.

Mimi nilipanda ngazi zile mara ya kwanza mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka 12, nimevaa kaptura ya shule na viatu vya kuazima. Niliamini kabisa kwamba mtu atanishika bega. Hakunishika mtu. Mama mmoja mezani aliniuliza kama mikono yangu ni safi, nikamwonyesha pande zote mbili, akaniandikia. Mpaka leo nikikaribia mlango wa maktaba yoyote natazama viganja vyangu.

Baraza la Jiji halikuishia pale. Lilikuwa na matawi Kaloleni na Makadara, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyofanya kazi ya umma kwa maana halisi, maana mtoto wa Jericho au Mbotela hakuwa na nauli ya kwenda mjini kila jioni. Serikali kuu nayo ilipitisha sheria ya huduma ya maktaba ya taifa mwaka 1965, na huduma ikaanza kazi 1967. Tangu hapo watu huchanganya: maktaba ya taifa ni nyumba nyingine kabisa, yenye bodi yake. McMillan ilikuwa mali ya jiji. Katiba ya 2010 ilipokuja ikaweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kama una subira, fungua Jedwali la Nne ulitafute neno hilo. Utalikuta katika fungu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na maduka ya kukodisha video, yamelitangulia yote. Sisemi waandishi walikuwa na nia mbaya. Nasema tu mkutubi akiomba bajeti kaunti, anapanga foleni nyuma ya watu wachangamfu sana.

Matokeo yake babu yako hakuyaona lakini wewe unayaona: rangi iliyobanduka, rafu zenye vitabu ambavyo havijaongezewa wenzao kwa miaka, kadi za katalogi kwenye droo zilizokwama. Hilo halikufanywa na mkoloni. Ni ile asilimia 10 ya Carnegie ambayo hakuna aliyeidai. Wakazi wa Nairobi tunajua kulalamikia kanjo, yaani watu wa serikali ya jiji, kwa takataka na maji, lakini sijawahi kuona maandamano ya kudai mkutubi.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk, na baadaye wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kukarabati jengo kuu na matawi yake mawili. Waliloliamua mapema limenifanya niwape heshima: walianza na Kaloleni na Makadara. Wangeanza na simba, wangepigwa picha nyingi zaidi. Wakaanza kule ambako watoto hutembea kwa miguu. Pia wamekuwa wakiyachambua na kuyahifadhi kidijitali yaliyomo ndani ya jengo kuu, na wakiuliza hadharani ni sauti za nani hazimo kwenye zile rafu. Hilo ni swali la babu yako, limevaa nguo za ofisini.

Kuna wanaotaka jina la McMillan liondolewe. Umeniuliza mengi ila hilo hukuuliza, lakini najua litakuja. Mimi ningeliacha jina na kuongeza maelezo. Ningeweka kibao cha pili, Kiswahili kikiwa juu, kinachosema ni nani aliyejenga, mwaka gani, kwa fedha gani, nani hakuruhusiwa kuingia, na ni mwaka gani akaruhusiwa. Mtoto akisoma hayo yote mlangoni, hatahitaji kumuuliza mzee kama mimi. Wenzangu wengine wa fani hawakubaliani nami, na mmoja aliniambia kwamba kibao cha pili ni njia ya mtu mvivu kukwepa uamuzi. Huenda.

Kuhusu mwalimu wako, usimwaibishe darasani. Mpelekee mwaka 1925 na mwaka 1931 kwenye kikaratasi, umuulize kwa upole marehemu alijengaje. Mengine atayafikia mwenyewe.

Kuhusu babu, mpeleke. Uliza kwanza kama jengo kuu liko wazi siku hiyo, kwa kuwa kazi za ukarabati huja na kufungwafungwa kwake. Nenda asubuhi, kabla jua halijapiga ngazi, na mpe mkono, si kwa sababu ya uzee tu. Akifika ndani asikimbilie vitabu. Omba gazeti la mwaka aliopata kazi ya ukarani, mkae naye meza moja, umwachie alifungue yeye.